Malengo ya sanaa katika sekondari msingi yawe machache, na yaonekane

Mhariri,

Kuchora, kupaka rangi, kuchapa, kufinyanga na kazi nyingine za mikono sasa hufundishwa katika sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi ya 9) ndani ya somo la Sanaa Bunifu na Michezo, pamoja na muziki, ngoma, maigizo, riadha na mpira. Somo lote lina vipindi 5 kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Shule ikitenga kimoja kati ya hivyo 5 kwa sanaa za mikono, muhula wa wiki 12 humpa mwalimu saa 8 tu. Humo ndimo anamotakiwa kupitisha kolaji (picha za vipande vilivyobandikwa), ususi, ushanga, uchoraji, upigaji picha na mengineyo. Ndiyo maana wanafunzi wengi humaliza Gredi ya 9 wakiwa wameonja kila kitu, lakini hawana stadi hata moja wanayoweza kuirudia bila mwalimu kusimama kando yao.

Pendekezo langu kwa walimu wakuu, maafisa wa mitaala na wazazi ni kwamba kila muhula uwe na stadi moja kuu ya kufundishwa hadi iive, na lengo lake liandikwe kwa namna ambayo yeyote anayeitazama kazi ya mtoto ataweza kusema limefikiwa au halijafikiwa. Gredi ya 7 hadi ya 9 ni mihula 9. Stadi 9 zilizoiva zinamtosha mtoto kuingia mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika Gredi ya 10, na zitamfaa hata yule atakayechagua mkondo mwingine. Mada nyingine za mtaala hazifutwi. Zipitiwe kwa wepesi, au ziingizwe ndani ya stadi kuu ya muhula.

Maandalio mengi ya somo husema mwanafunzi athamini au achangamkie uchoraji. Nia ni njema, ila mwalimu mwenye wanafunzi 55 hana namna ya kupima kuchangamka. Lengo la muhula wa kwanza wa Gredi ya 7 lingeweza kuandikwa hivi: mwanafunzi achore sufuria au kikombe kilicho mbele yake, mchoro ujaze angalau nusu ya karatasi ya A4, mdomo na kitako viwe na mviringo sahihi, na uwiano wa urefu na upana ulingane na chombo chenyewe. Hapo kuna mambo matatu ya kutazama, na mtoto mwenyewe anaweza kuyakagua kabla ya kuwasilisha kazi.

Kosa la kwanza litakalojitokeza ni mdomo wa sufuria wenye ncha kushoto na kulia, na chini mstari ulionyooka. Mtoto anajua sufuria imekaa sawasawa mezani, basi anachora anachokijua badala ya anachokiona. Kumkosoa kwa kalamu nyekundu hakusaidii. Mpe sufuria aishike usawa wa macho, aone mdomo ukiwa mstari mmoja, kisha aishushe polepole. Kadiri inavyoshuka ndivyo mviringo unavyofunguka. Kitako kiko chini zaidi ya mdomo, kwa hiyo mviringo wake ni lazima ufunguke zaidi, ingawa tunaona ukingo wake wa mbele pekee. Mtoto akishalielewa hili kwa sufuria, amelielewa pia kwa ndoo, ngoma, gurudumu na tangi la maji.

Uwiano hupimwa kwa penseli. Mkono unyooshwe kabisa, jicho moja lifumbwe, ncha ya penseli iguse ukingo wa juu wa chombo na kidole gumba kiteremke hadi ukingo wa chini. Kisha penseli ilazwe bila kusogeza kidole, ilinganishwe na upana. Kipimo kikitoka kibaya, mara nyingi ni kwa sababu kiwiko kilikunjwa katikati ya kazi, au mwanafunzi aliegemea mbele baada ya kipimo cha kwanza. Wanafunzi 55 hawawezi kutazama sufuria moja iliyowekwa kwenye meza ya mwalimu. Wagawe vikundi 11 vya watu 5, kila kikundi na chombo chake katikati ya madawati. Dakika 5 za mwanzo ziende kwa kugawa vifaa, 25 kwa kuchora, na 10 za mwisho kwa kutazama kazi na kufungasha. Hizo 10 za mwisho zisiguswe, maana ndipo watoto hujifunza kutokana na makosa ya wenzao.

Jambo ambalo sharti likome ni mwalimu kuchora mfano ubaoni na darasa zima kuunakili. Mchoro wa ubaoni umeshafanya kazi yote ngumu ya kugeuza kitu halisi kuwa mistari. Mtoto anayeunakili amejizoeza kufuata mistari ya mtu mwingine, na akiwekewa sufuria mbele yake atarudi kwenye mdomo wenye ncha.

Muhula wa pili uwe wa toni, yaani mwanga na kivuli. Lengo: mwanafunzi achore chombo kile kile kwa toni 5 zinazotofautika, mwanga ukitoka upande mmoja, na kivuli kinachoanguka mezani kikiwa upande sahihi. Hapa madarasa yetu mengi ya Nairobi yana tatizo ambalo halitajwi vitabuni. Yana madirisha pande zote mbili, kwa hiyo mwanga wa upande mmoja huua kivuli cha upande wa pili na chombo huonekana bapa. Mwanafunzi huambiwa atie kivuli ambacho hakipo, naye hukibuni. Dawa yake ni boksi la dukani lililokatwa upande mmoja wa ubavu na upande wa mbele. Chombo kikiwekwa ndani, ubavu uliokatwa ukielekea dirishani, kivuli hujitokeza mara moja. Boksi 11 zinapatikana kwenye duka lolote la jumla bila malipo makubwa.

Kabla ya chombo, kila mwanafunzi atengeneze ngazi ya toni: miraba 5 ya sentimita 3 kila mmoja. Wa kwanza uachwe mweupe. Baada ya huo ajaze wa tano, ulio mweusi kabisa, kisha wa tatu, halafu wa pili na wa nne. Akianza kutoka mweupe kuelekea mweusi kwa mpangilio, atafika mraba wa tatu akiwa ameshamaliza weusi wote wa penseli yake. Penseli ya HB, ambayo ndiyo watoto wengi wanayo, haifiki weusi wa mraba wa tano hata ikikandamizwa hadi karatasi itoboke. Kila kikundi kinahitaji walau 2B moja na 4B moja, penseli laini zenye weusi zaidi, za kupokezana.

Penseli hizo zisipopatikana, makaa ya kuchorea yanatosha. Yale ya jikoni ni magumu na hukwaruza karatasi. Afadhali mwalimu achome yake nje ya darasa. Vijiti vyembamba vilivyonyooka, vilivyokauka na kubanduliwa maganda, hupangwa vikibanana ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa tundu moja kwa msumari. Kopo likae jikoni hadi moshi wa tunduni ukome, kisha liepuliwe na kuachwa lipoe kabisa. Likifunguliwa lingali moto, hewa huingia na vijiti hugeuka jivu.

Makosa ya toni ni mawili hasa. La kwanza ni mstari mweusi unaozunguka chombo chote, hata upande wa mwanga. Mstari huo hufuta kazi ya toni, kwa hiyo waelekezwe kwamba ukingo hutokea pale toni nyepesi inapokutana na nzito. La pili ni kusugua kwa kidole. Mafuta ya ngozi hung'arisha risasi ya penseli na kuacha mabaka yasiyofutika. Watumie mistari inayokatana, au kipande cha karatasi laini kilichosokotwa.

Katika rangi ndipo muda mwingi zaidi hupotea. Mtindo uliozoeleka ni kuchora duara kwa bikari, kuligawa mara 12 na kulijaza kwa penseli za rangi zilizonunuliwa tayari. Kazi hiyo humaliza vipindi viwili na mtoto hajachanganya chochote. Lengo la Gredi ya 8 liwe hili: kwa rangi 3 za msingi (nyekundu, manjano na bluu) na nyeupe pekee, mwanafunzi apate rangi 12 tofauti kwenye jedwali la miraba, na aandike chini ya kila mraba alichanganya nini na nini. Kwa kipindi kimoja, kikundi cha watu 5 kinatosheka na vijiko viwili vya kila rangi, makopo mawili ya maji (moja la kuoshea brashi, jingine la maji safi) na kitambaa kimoja. Wakiwa na kopo moja tu, kila mchanganyiko baada ya dakika 10 huwa na tope ndani yake.

Waanze na rangi nyepesi kisha waongeze nzito kwa tone. Kijiko cha manjano hugeuzwa kijani kwa tone la bluu, ilhali anayeanza na bluu atamaliza manjano yote kabla ya kufika. Manjano ikitiwa nyeusi haiwi manjano iliyokolea. Hugeuka kijani cha zeituni, na watoto hushangaa. Malalamiko makubwa zaidi darasani ni kwamba zambarau imekataa, imetoka kahawia. Sababu iko kwenye chupa. Nyekundu nyingi za shule huelekea chungwa, yaani zina umanjano ndani yake, na bluu nyingi huelekea kijani, nazo zina umanjano. Ukizichanganya, rangi zote 3 za msingi zimekutana, na zikikutana hutoa kahawia. Zambarau safi huhitaji nyekundu inayoelekea waridi na bluu inayoelekea zambarau, ile ya jamii ya bluu ya kufulia nguo nyeupe. Mwalimu asiyelijua hili humlaumu mtoto bure.

Kahawia hiyo hiyo ndiyo somo zuri kuliko yote. Pakiti nyingi za penseli za rangi zina rangi moja ya waridi hafifu ambayo watoto wamezoea kuiita rangi ya ngozi, nao huipaka usoni mwa kila mtu wanayemchora. Lengo liwe mwanafunzi achanganye rangi ya mkono wake mwenyewe na kuipaka kando ya kiganja kwenye karatasi ili ilinganishwe. Aanze na manjano na nyekundu hadi apate chungwa, aongeze bluu tone kwa tone hadi ipoe kuwa kahawia, kisha aamue kama inataka wekundu zaidi au umanjano zaidi. Nyeupe iingie mwisho na kidogo sana, kwa sababu huifanya ngozi ionekane ya kijivu. Katika darasa moja zitatoka kahawia nyingi tofauti, na zote zitakuwa sahihi.

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 haiwezi kazi hii. Hujikunja na kuchunika. Manila, ile karatasi nene, inafaa, au kadibodi ya maboksi iliyopakwa rangi nyeupe ya ukutani ya maji mara mbili, mkono wa kwanza ukauke kabla ya wa pili.

Uchapaji nitaugusa kwa kifupi, maana ni rahisi kuufundisha vyema. Tyubu kuukuu ya baiskeli ikikatwa maumbo na kubandikwa kwenye kipande cha mbao hutoa chapa safi kwa muda mrefu. Lengo: chapa 5 zinazofanana, kingo zikiwa safi. Chapa ikitoka na madoa, wino ulikuwa mwingi. Herufi zikitoka kinyume, zilibandikwa zikisomeka, na zilipaswa kubandikwa kinyume.

Ufinyanzi unahitaji uangalifu wa udongo. Shule za Embakasi na sehemu kubwa ya Eastlands zimekaa juu ya udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na chungu cha udongo huo hupasuka vivyo hivyo. Upimeni kabla ya somo. Sokota kamba yenye unene wa penseli na uizungushe kidole. Ikipasuka pasuka, udongo huo haufinyangiki vizuri. Ikishikana, usitumike mtupu bado, bali uchanganywe na mchanga laini au vigae vilivyosagwa, sehemu 1 kwa sehemu 5 za udongo. Ukuta wa chombo usizidi sentimita 1. Vipande viunganishwe kwa kukwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo, la sivyo mkono wa kikombe hudondoka ukikauka. Chombo kifunikwe kwa karatasi ya plastiki siku za kwanza ili kikauke polepole, kwani mdomo ukikauka mbele ya kitako, ufa hutokea chini. Kinacholipua chungu motoni ni maji yanayogeuka mvuke ndani ya ukuta wake. Chungu kinachohisi baridi shavuni bado kina maji, kisiingie motoni. Na kisichofika nyuzi 600 hivi za joto kitarudi kuwa tope kikitiwa maji. Shule isiyo na tanuri iandike lengo lake kwa chombo kikavu ambacho hakijachomwa, na iseme hivyo waziwazi.

Katika Gredi ya 9 muhula mmoja uwe wa usanifu wa herufi na mabango. Nairobi ina darasa la bure la kazi hiyo barabarani, kwenye ubavu wa matatu. Wanafunzi walinganishe matatu mbili, waeleze kwa nini jina la moja husomeka likiwa ng'ambo ya barabara na la nyingine halisomeki. Watagundua mambo ya nafasi kati ya herufi, na tofauti ya wepesi na uzito kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake. Lengo: bango linalosomeka kutoka nyuma ya darasa. Kipimo cha kukadiria ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3. Kwa darasa la mita 6, herufi zisipungue sentimita 5.

Stadi ya kuzungumzia kazi ya sanaa haina budi kuwa na lengo lake pia. Mwanafunzi ataje kwanza anachokiona, bila kusema kizuri au kibaya, kisha aeleze kilivyopangwa, halafu maana anayoipata, na hukumu yake ije mwisho ikiwa na sababu. Dakika 10 zinatosha kwa picha moja. Mifano tunayo. Rosemary Karuga, aliyezaliwa 1928 na kusomea Makerere, alitengeneza kolaji za watu na wanyama kwa karatasi za pakiti za sabuni na unga. Mtoto anayeambiwa kolaji inataka karatasi za bei aonyeshwe kazi hizo. Magdalene Odundo, mfinyanzi anayejulikana duniani kote, alizaliwa Nairobi 1950. Mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais 1966, unaweza kuonekana katika jengo la Kumbukumbu za Kitaifa kwenye barabara ya Moi Avenue, hatua chache kutoka vituo vya matatu. Ziara moja kwa mwaka, kila mwanafunzi akichora vitu viwili na kuandika sentensi 5 kuhusu kimoja, ina faida kuliko ziara ya kupita tu mkiongozwa.

Kuhusu tathmini, alama za shuleni za Gredi ya 7 na 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9, KPSEA (tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6) asilimia 20 na KJSEA (ya mwisho wa Gredi ya 9) asilimia 60. Kwa hiyo alama ya mchoro si jambo la kupitisha kwa usafi wa karatasi. Viwango vyetu vinne vielezwe kwa kazi yenyewe. Kwa mchoro wa toni, aliye chini ya matarajio amechora mstari tu. Anayekaribia ana toni 2 au 3 lakini mwanga hauna upande. Aliyefikia ana toni 5 na kivuli upande sahihi. Aliyezidi ameonyesha pia mwanga unaorudi kutoka mezani kwenye upande wa giza wa chombo. Orodha hiyo ibandikwe ukutani siku ya kwanza ya stadi, isisubiri siku ya kusahihisha.

Potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi za mwanafunzi, itunze jaribio la kwanza na la mwisho la kila stadi, yote yakiwa na tarehe nyuma. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo ushahidi wa kujifunza, nayo haiwezi kununuliwa. Nawasihi wazazi wasiwafanyie watoto miradi wala kuwanunulia kazi iliyokwisha kutengenezwa. Na walimu wasipeleke nyumbani kazi ya mikono yenye alama. Mtoto apewe kazi ya kutazama na kuchora haraka kwenye daftari, lakini kinachotiwa alama kifanyiwe darasani.

Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 uliotangulia huu, sanaa ilikuwa somo la hiari sekondari, na shule nyingi hazikuwa nalo. Wengi wa walimu waliopewa somo hili leo hawakulisoma. Wanahitaji mafunzo ya kushika vifaa kwa mkono: siku moja ya toni, siku moja ya kuchanganya rangi, siku moja ya udongo, wakiwa na boksi, kopo na sufuria mbele yao. Semina za kusomewa mtaala hazijaziba pengo hilo.

Kwa mwalimu mkuu, vifaa vya kuanzia kwa darasa la wanafunzi 55 ni penseli za 2B na 4B 11 za kila aina, chupa za nyekundu, manjano, bluu na nyeupe zilizochaguliwa kwa kujaribiwa dukani na mwalimu wa sanaa mwenyewe, brashi 22 za ukubwa wa kati, makopo 22 ya maji na manila za kutosha. Shule isiyo na chumba cha sanaa iongeze kabati moja lenye kufuli, pamoja na kamba mbili na vibanio, zifungwe juu ya madawati ya nyuma, kwa sababu picha mbichi zikirundikwa pamoja hugandana na kuchunana.

Mwalimu wa sanaa,
Kayole, Nairobi